Pori ya Sebahire

Mwaka wa 1954, ukitoka Goma kwa miguu ukashika barabara ya Sake, ukapita Ndosho, basi kabla hujafika Mugunga ulikuta upande wa kulia kijia kinachopanda juu ya mawe meusi ya volkeno hadi kwenye migomba na nyumba kama kumi na mbili hivi. Ukimuuliza mpita njia hapo ni wapi, alikujibu bila kusimama: kwa Ntirenganya. Na kama Sebahire alikuwa karibu akasikia, siku yake ilikwisha kuharibika.

Maana Sebahire ndiye aliyefika kwanza. Hilo halikuwa na ubishi, hata Ntirenganya mwenyewe hakulibishia. Sebahire alizaliwa Jomba, upande wa Rutshuru, kwenye udongo mzuri usiotosha ndugu saba. Akiwa kijana alishuka Goma kutafuta kazi. Akavunja mawe ya barabara, akapakua magunia ufukweni mwa ziwa, na alipochoka kulala katika nyumba za watu akaenda kwa chifu kuomba mahali pa kulima. Chifu akamwonyesha kwa kidole msitu ulioota juu ya lava ya zamani, akamwambia kama anaweza kula miti basi aende.

Msitu wenyewe, au pori, kama watu wa huko wasemavyo, haukuwa wa mchezo. Mivumu ilikuwa imekumbatia mawe kwa mizizi, miti ya misave imesimama imebanana, na kamba za mwituni zimefunga njia zote. Sebahire aliingia na shoka na muhoro, ule upanga wa ncha iliyopinda wenye mpini mrefu ambao watu wa kwao hawatoki nyumbani bila kuubeba. Mwaka wa kwanza alikata peke yake. Mwaka wa pili alikata pamoja na mkewe, Donatille, aliyekuwa na mimba ya binti yao wa mwisho. Shoka liliteleza kwenye jiwe siku moja likamchukulia kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na Sebahire alikizika palepale chini ya kisiki, akapumzika wiki moja, akarudi kazini. Mtu aliyezika kidole chake mahali ana haki ya kupaita pake, ndivyo alivyoona yeye, na mimi sioni kosa lake kwa hilo.

Mwaka wa tatu, mwaka ule mlima ulipotapika moto ukashuka hadi ziwani upande wa Sake, alikuja Ntirenganya. Alikuja na mkewe Apolline, kuku wawili na mkeka. Shamba lao lilikuwa limekwisha funikwa. Sebahire aliwahurumia. Aliwapa kona ya kulala, akawakatia mpaka wa shamba, tena akamwazima Ntirenganya shoka lake. Kwa miaka kumi na sita iliyofuata hakuacha kulijutia lile shoka.

Ntirenganya hakuwa mtu mbaya. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Angekuwa mwizi au mlevi au mpiga mke, Sebahire angemchukia kwa raha zake na watu wangemuelewa. Lakini yeye alikuwa mcheshi, mwenye sauti nzuri, mtu wa kukumbuka majina ya watoto wa watu na kuuliza habari za ng'ombe wa watu. Apolline naye alijua kukamua utamu wa ndizi. Kasiksi yake, pombe ya ndizi isiyo na uchachu wa kukunja uso, ilipata sifa hadi Katoyi. Wasafiri wa barabara ya Sake wakaanza kupanda kile kijia kupumzika. Wakiulizana watakutana wapi, wanasema kwa Ntirenganya. Wakielekezana, kwa Ntirenganya. Hata wale wachache waliokuja baadaye wakajenga, na ambao Sebahire mwenyewe aliwapimia viwanja kwa hatua za miguu yake yenye vidole tisa, wakawa wanakaa kwa Ntirenganya.

Mtu wa mahali pengine angeweza kusema, basi, jina tu. Lakini kwa watu wa Sebahire mtoto hapewi jina la baba. Kila mtoto huzaliwa akapewa jina lake mwenyewe, na la baba hubaki kwa baba mpaka wanaliingiza naye kaburini. Sebahire alikuwa na mabinti wanne, wote wameolewa, kila mmoja na jina lake zuri, na hakuna hata mmoja aliyebeba herufi yake. Mtu wa namna hiyo akitaka jina lake libaki duniani, anahitaji mahali. Anahitaji watu ambao hawakumjua waseme, tunakwenda kwa fulani, tunatoka kwa fulani. Hicho tu ndicho alichokitaka Sebahire, na hicho ndicho alichokipata mtu mwingine, bila kukitaka, kwa kuuza pombe.

Jina lenyewe la Sebahire limebeba bahati ndani yake, kwa lugha yao. Na la Ntirenganya ni la asiyemwonea mtu. Sebahire alipolala chali kitandani aliyapima majina hayo mawili, akaona kabisa kwamba yalikosewa siku ya kupewa.

Jambo lililomchoma kuliko yote lilitokea sokoni Goma. Donatille alikuwa ananunua maharage kwa Kanyere, mama mmoja wa Butembo mwenye meza karibu na mlango, na Sebahire amesimama nyuma yake ameshika mfuko.

"Mama, wewe unaikalaka wapi?" Kanyere akauliza, akiongeza ukufi juu ya kipimo.

"Kule barabara ya Sake," Donatille akajibu. "Kwa Ntirenganya."

Alilisema kama mtu anavyosema jua limetoka. Walitembea mpaka Ndosho. Hapo ndipo Sebahire akasimama.

"Wewe uko muke ya nani?"

"Yako."

"Basi juu ya nini unaikala kwa Ntirenganya?"

Donatille alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mwenye uchovu wa kutosha. "Nikisema kwa Sebahire, hakuna mutu atajua fasi niko," akasema. "Ule mama atatuma mutoto na maharage, mutoto atapotea." Akatangulia.

Kweli ni kwamba wivu wa Sebahire ulikuwa umeshakuwa kazi yake ya pili. Alijua ni wageni wangapi walipanda kile kijia kwa siku. Kicheko kikitoka upande ule alikuwa anaacha jembe kusikiliza kama kilikuwa kinamhusu. Ntirenganya akimletea chupa ya kasiksi ya kwanza, na alimletea kila alipopika, Sebahire aliinywa yote hadi mwisho halafu akasema imechacha.

Kazi yake ya kwanza, ile ya mshahara, ilikuwa kuvuta mnyororo. Mwaka ule walikuwa wanapima nchi yote kuanzia mjini Goma hadi Sake, ili ichorwe ramani mpya, na aliyepewa kazi hiyo alikuwa mzungu mmoja ambaye hata wazungu wenzake hawakujua wamweke wapi. Aliitwa Gancho. Hakuwa Mbelgiji. Alitoka Bulgaria, nchi ambayo vita na serikali mpya vilimtoa akiwa na koti moja, akazunguka hadi kufika Kongo. Alikuwa mrefu, mwenye miwani, mpole, na alikula chakula cha mchana pamoja na wapimaji wake juu ya mawe, jambo ambalo lilisemwa vibaya kule klabuni kwa wazungu.

Sebahire alimpenda. Alishika ncha moja ya mnyororo wa chuma, akapanda mawe, akasimamisha fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe mahali alipoonyeshwa, na kila walipofika kwenye kilima au kijito au mtaa, Gancho alifungua daftari akamwambia aulize wenyeji panaitwaje. Gancho alikuwa na sheria moja hapo. Haandiki jina mpaka alisikie kwa watu watatu, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, anaita wa nne.

Siku moja mchana walikuwa wamekaa karibu na Ndosho wanakula viazi vitamu. Gancho alikuwa anatazama ile ardhi nyeusi iliyokauka.

"Mvua inapiga kila siku," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota, "na mto haiko. Maji inaenda wapi?"

"Inaingia chini, Bwana. Mawe inakunywa."

Gancho akatikisa kichwa polepole. Akasema kwao ni vilevile. Akaweka kiazi chini, akachukua kijiti, akaanza kuchora kwenye majivu ya lava. Huku juu mto mkubwa, Danuba. Huku kando bahari wanayoiita Nyeusi. Katikati, nchi yake: nyanda zilizoinuka kidogo, vilima vya chini visivyotisha mtu, na mito ambayo inaanza vizuri halafu inazama ardhini kabla ya kuufikia ule mkubwa, ndiyo maana watu wanachimba visima virefu mno. Zamani pote hapo palikuwa msitu wa mialoni. Waturuki waliotawala kwa miaka mia na mia waliuita Deli Orman. Deli ni kichaa, orman ni pori.

"Pori ya kichaa," akasema Sebahire, na lilimfurahisha.

"Ndiyo. Sababu mutu akiingia, akili inapotea, hajui njia." Hata ng'ambo ya Danuba, akasema, kuna nchi nyingine yenye jina linalokaribia kuwa hilohilo, na wenye elimu wanasema liliachwa na watu wa kale zaidi, wapanda farasi waliokuja kabla ya hao Waturuki. Msitu ulikuwa mkubwa kiasi hicho.

"Na sasa pori iko?"

Gancho akafuta sehemu kubwa ya mchoro kwa kiganja. Walikata. Babu zake walikata, baba yake alikata, yeye mwenyewe akiwa kijana alikata. Sasa ni ngano. Unaweza kwenda asubuhi nzima usipate kivuli cha kukaa. Lakini jina lilibaki, na mtu akikuuliza unatoka wapi, unasema natoka Pori ya Kichaa, na unajisikia vizuri. Halafu akatoa barua mfukoni, imekunjwa mara nyingi. Ya dada yake. Dada alimwandikia kwamba serikali haitaki tena lile jina la Kituruki. Ramani mpya zinasema Ludogorie. Lud, kichaa, gora, msitu, kwa lugha yao wenyewe.

"Ni kichaa yuleyule," akasema Gancho. "Bamemubadilishia tu shati."

Sebahire alifikiri kidogo. "Na batu banaitikia?"

"Bazee banasema bado Deliorman. Batoto banasoma ingine ku masomo." Akaikunja barua. "Bazee batakufa."

Alilisema kwa huzuni, kwa ajili yake mwenyewe na dada yake na kaburi la mama yake. Lakini Sebahire alisikia kitu kingine kabisa. Alisikia kwamba wazee watakufa na karatasi itabaki. Kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu mmoja na kalamu amelishinda jina lililotamkwa na vinywa elfu. Hakula kiazi chake cha pili.

Siku tatu baadaye mnyororo ukafika kwao. Gancho akasimamisha chombo chake cha miguu mitatu kwenye mwamba ambao Sebahire aliujua kama anavyojua kiganja chake, akapima huku, akapima kule, akafungua daftari.

"Hapa banapaita namna gani?"

Sebahire alikuwa ameshika ile fimbo yenye rangi mbili. Mbele yake moshi wa Apolline ulikuwa unapanda kutoka nyuma ya migomba, na sauti ya Ntirenganya ilikuwa inamsimulia mtu habari fulani, na watu wanacheka. Alikuwa hajapanga la kusema. Alijua tu lile ambalo hatalisema. Tena akaona kwamba jina lolote la sasa litapambana na la Ntirenganya na kushindwa, ila jina la zamani, jina la wakati ule Ntirenganya hayupo, wakati hapakuwa na kitu isipokuwa miti na yeye.

"Pori ya Sebahire," akasema.

Gancho akainua kichwa. "Sebahire ni wewe?"

"Ni miye, Bwana. Miye nilikata."

"Na pori iko wapi?"

"Nilikata yote."

Gancho alianza kucheka, akaendelea kucheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho, na haikuwa wazi kama bado anacheka. Halafu akaandika. Hakuita mtu wa pili. Hakuita wa tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Goma aliandika jina alilolisikia kwa mtu mmoja, kwa sababu alilipenda, na Sebahire alisimama akishika fimbo imara.

Miezi ikapita. Ramani ikachorwa. Sebahire alipokwenda mjini kuchukua mshahara wa mwisho, karani wa ofisi alimwonyesha: FORÊT SEBAHIRE, yaani msitu wa Sebahire kwa Kifaransa, maandishi madogo safi yaliyolala juu ya mahali pale. Hakujua kusoma, lakini alimwomba karani amwandikie neno la pili kwenye kipande cha karatasi, akakaa nacho nyumbani akilifuata kwa kidole mpaka akalijua kwa umbo. Kwa Ntirenganya hapakuandikwa popote. Alimtafuta kwenye ramani yote kutoka ziwani hadi mlimani, kwa msaada wa karani, hayupo. Wiki ile Sebahire aliipokea chupa ya kasiksi akasema leo ni tamu, na Ntirenganya maskini akafurahi sana.

Halafu kikaja kibao. Watu wawili wa serikali walikisimamisha chini, kijia kinapoachana na barabara, ubao mpana wa rangi ya kijani na maandishi meupe. Sebahire aliona jina lake toka mbali. Akang'oa majani kukizunguka, akakipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akamleta Donatille akione, akamleta kila jirani, na Jumapili alipopita katekista kutoka misa alimsimamisha ili asome kwa sauti watu wasikie.

Katekista akasoma. Akasoma tena kimoyomoyo. "Muzee," akasema, "banasema hapa ni pori ya serikali. Hakuna kukata, hakuna kulima, hakuna kujenga."

Ndivyo ilivyokuwa. Mji ulikuwa unakua, unahitaji kuni na nguzo, na amri ilikuwa imetoka kwamba kila mahali ramani ilipoandika msitu patabaki msitu. Palipokatwa patapandwa mikaratusi. Watu wavune kilicho shambani halafu wahame. Kaya kumi na mbili. Migomba yote, na visiki vyote, na kidole.

Sebahire alikaa siku mbili bila kutoka nje. Hakuna aliyejua jina lilitoka kwake. Walidhani ni ujinga wa wazungu. Ntirenganya alipita kila nyumba kuwatuliza watu, akatafuta mtu wa kuandika barua, akaenda mjini mara tatu kwa miguu, akasimama juani mbele ya ofisi, mpaka ikakubaliwa kwamba bwana wa kilimo atakuja kuona mwenyewe. Na Sebahire, amini usiamini, hata katika balaa ile aliyoileta kwa mikono yake, alipata nafasi ya kuona kijicho kwamba ni Ntirenganya ndiye anayewaokoa.

Bwana wa kilimo alikuja asubuhi ya Alhamisi, mtu mnene mwenye haraka, akifuatana na Gancho aliyebeba ramani chini ya kwapa. Watu wote walikusanyika kwenye mwamba. Bwana wa kilimo akatazama migomba, akatazama maharage, akauliza pori iko wapi.

"Karte inasema pori," akasema. "Nani alisema pori?"

Gancho akakohoa. Akaeleza kwamba kosa ni lake, hakuuliza watu watatu. Ramani inaweza kusahihishwa, lakini lazima yule aliyetoa jina aseme tena mbele ya watu panaitwaje, ndipo yeye aandike. Halafu akamtazama Sebahire, si kwa hasira, na macho ya watu wote yakafuata yake.

Kuku wa Apolline walikuwa wakiparura chini ya migomba.

Ntirenganya ndiye aliyesimama. Labda alielewa wakati huohuo, labda alikuwa ameelewa zamani. Mtu yule hukuweza kumjua. Akavua kofia.

"Bwana, pori haiko, ondoa pori," akasema kwa ile sauti yake nzuri. "Lakini jina ya muzee Sebahire uliache. Hajakudanganya. Ni yeye alikata hapa wa kwanza, mimi nilimukuta. Shoka nilianza nalo ilikuwa yake. Andika tu kwa Sebahire. Sisi wote tutaitikia."

Watu wakaitikia palepale. Ndiyo, wakasema, ni kweli, muzee Sebahire, ni yeye. Mtu mmoja akapiga makofi. Gancho alikuwa ameshatoa kalamu nyekundu, uso wake umefunguka. Ilikuwa imebaki Sebahire kukubali kwa kichwa tu.

Miaka kumi na sita alikuwa ameyangoja maneno yale. Aliyasikia yote, moja baada ya jingine, hakuna lililokosekana, hata shoka. Na yalikuja kutoka mdomo ule. Ntirenganya angepigania jina lake, angepiga kelele, angelia, Sebahire angemnyang'anya kwa furaha na kulala usingizi mzuri hadi kufa. Lakini alikuwa anampa. Alikuwa analitoa mbele ya watu, kwa wepesi, kama anavyotoa chupa ya kasiksi, na hata sura yake haionyeshi kwamba amepungukiwa. Sebahire aliona jinsi itakavyokuwa. Watu watasema kwa Sebahire, halafu watacheka kidogo na kuongeza: jina alilopewa na Ntirenganya, yule mtu mwema. Kila kijana, kila mgeni, kila mwaka. Wivu ulimtangulia, ukasema wenyewe.

"Bwana," akasema, "hapa banapaita kwa Ntirenganya. Tangu zamani. Nilikudanganya."

Gancho alibaki na kalamu hewani. "Una hakika?"

"Uliza batu batatu."

Hakuuliza. Alikata neno moja, akakata la pili, akaandika jipya, akaikunja ramani. Akipita karibu na Sebahire akamwambia kwa sauti ya chini, "Nililipenda lile jina." Bwana wa kilimo alikuwa ameshashuka barabarani.

Basi mashamba yakapona. Watu walimzunguka Sebahire wakamshika mikono. Ntirenganya alimkumbatia kwa adabu zote za kwao, mikono mgongoni, upande huu na upande huu, macho yake yana machozi, akasema hajawahi kuona mtu mwenye moyo kama huo. Sebahire alisimama akakumbatiwa. Katekista alilitaja jambo hilo Jumapili baada ya misa, kama mfano wa mtu aliyependa kweli kuliko sifa.

Donatille peke yake hakumsifu. Jioni ile alikuwa anamenya ndizi mbele ya mlango, naye ameketi kwenye kizingiti.

"Ulikuwa unalipata," akasema bila kuinua macho.

"Nini?"

"Unajua."

Sebahire akaondoka kwenda kumfunga mbuzi, ambaye alikuwa ameshafungwa.

Kile kibao kilikuwa cha mbao nzuri. Ntirenganya alikichukua, akakipigia miguu minne, akakifanya benchi ya wateja, na maandishi yakabaki juu. Mvua iliyafuta polepole, ila jina ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote kufutika, na watu wa Sake na Mugunga na Katoyi walilikalia wakinywa, wakisifu kasiksi.

Mwaka uliofuata, msimu wa maharage mapya, Sebahire alikuwa tena sokoni Goma amesimama nyuma ya mkewe ameshika mfuko. Kanyere alikuwa amezeeka kidogo na kusahau watu.

"Mama, wewe unaikalaka wapi?"

Donatille alisita. Aligeuza shingo kidogo kuelekea nyuma, kama mtu anayeomba ruhusa, halafu akageuka tena mbele.

"Kwa Ntirenganya," akasema.

"Aa! Kule kwa ule muzee alisema kweli mbele ya bazungu, mashamba ikapona? Nilisikia ile habari. Anaitwa nani, ule muzee?"

"Sebahire," akasema Donatille. "Ndiye huyu. Ni bwana yangu."

Kanyere akamtazama Sebahire toka kichwani hadi miguuni kwa heshima kubwa, akaongeza ukufi juu ya kipimo, akaongeza na mwingine.

"Huyo Ntirenganya," akasema, "iko na bahati. Kupata jirani kama huyu."

Sebahire alipokea maharage. Alitangulia barabara ya Sake na mfuko begani, akachechemea kidogo kwa ule mguu wa kushoto, na hakumsalimia mtu yeyote mpaka Ndosho.